Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: Stenti ya chuma tupu isiwe fungu la watu wa visiwani

Kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Lamu, kwa wajumbe wa kamati ya afya katika bunge la kaunti, na kwa wasimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Jamii.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum. Nawaandikia kuhusu kitu kidogo, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba, kilichotiwa ndani ya mshipa wa moyo wa ami yangu, na kuhusu sababu iliyofanya kitiwe hicho na si kingine. Madaktari hukiita stenti. Ni kimrija cha wavu wa chuma ambacho hupitishwa kikiwa kimekunjwa juu ya puto dogo, kupitia mshipa wa mkono au wa paja, mpaka pale mshipa wa moyo ulipobana. Puto likijazwa, wavu hutanuka na kuushikilia mshipa ubaki wazi, kisha puto hutolewa na wavu hubaki humo maisha yote. Ziko stenti zilizopakwa dawa na ziko za chuma tupu, zisizopakwa kitu. Ami alitiwa ya chuma tupu, na aliyeiamua hakuiamua kwa kuutazama moyo wake, bali kwa kulitazama duka la dawa la kisiwani kwetu.

Ami ni fundi wa majahazi, Matondoni. Mwaka 2019, alipokuwa na miaka 63, tulianza kumwona akiiweka tezo chini katikati ya kazi na kukikandamiza kifua kwa ngumi, akisimama hivyo dakika mbili tatu, kisha akaiokota na kuendelea. Alisema ni gesi. Tulipombembeleza mwishowe akakubali kuvuka, tukapanda mashua hadi Mokowe na basi mpaka hospitali moja ya bara ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa sikuandika barua hii ili kumshitaki mtu. Walimpitishia katheta, yaani mrija mwembamba wa kuchunguzia mishipa ya moyo, wakaona mshipa mmoja umebana sana, wakatia stenti. Daktari alikuwa mtu mpole na alinieleza bila kuficha: mzee anatoka Lamu, klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya stenti, huko haipatikani kila mwezi, kwa hiyo wamemtilia ya chuma tupu, ambayo dawa yake ni ya mwezi mmoja tu.

Nilimshukuru. Nilidhani tumefanyiwa hisani, na kwa kadiri ya alivyojua yeye, huenda ilikuwa hisani.

Mwezi wa saba baada ya siku ile, ngumi ilirudi kifuani. Safari hii ilikuja hata akitembea kutoka msikitini kwenda nyumbani, mwendo ambao mtoto wa madrasa huukimbia. Tulivuka tena, tukaenda hospitali nyingine, na picha ikaonyesha kwamba ndani ya wavu ule ule nyama ya kovu ilikuwa imeota na kuuziba mshipa karibu kama ulivyokuwa mwanzo. Ikatiwa stenti ya pili ndani ya ile ya kwanza, hii ikiwa yenye dawa. Ili kuilipia, ami aliuza fungu lake katika mashua aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe pamoja na nduguze wawili.

Sitaki mtu yeyote asome maneno haya akafikiri kwamba chuma tupu ni sumu au kwamba waliokitia miaka iliyopita walikosea. Mwaka 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipotanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza kwa mtu aliye macho, hapakuwa na kitu cha kuuzuia mshipa usinywee tena puto likitolewa. Ndipo mwaka 1986, Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne wakawa wa kwanza kuwatia wagonjwa wavu wa chuma katika mishipa ya moyo, na mwaka 1994 tafiti mbili kubwa zikaonyesha kwamba mishipa iliyotiwa chuma iliziba tena mara chache kuliko iliyotanuliwa kwa puto peke yake. Chuma tupu kiliwaokoa watu wengi, na wako wanaotembea nacho hadi leo bila tatizo lolote.

Ila mwili haukikubali kigeni kikae bure. Ukuta wa mshipa uliochubuliwa na puto na kubanwa na nyaya hujitibu kwa kuotesha tishu mpya juu ya chuma, na kwa wengine tishu hiyo haijui pa kusimama. Kwa stenti za chuma tupu, kati ya wagonjwa kumi, wawili hadi watatu huzibwa tena namna hiyo, zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, na wenye sukari ndio huathirika zaidi. Dawa iliyopakwa juu ya stenti kazi yake ni moja: kuipunguza kasi ya tishu hiyo. Stenti ya kwanza yenye dawa alitiwa mgonjwa wa São Paulo, Brazili, mwaka 1999. Zikaruhusiwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003. Dawa yenyewe, sirolimasi, asili yake ni bakteria waliopatikana katika udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, mbali katika Bahari ya Pasifiki. Ami nilipomsimulia hili alifurahi sana kusikia kwamba dawa ya moyo imetoka kisiwani.

Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonikalisha kuandika. Alitaka kujua kama ile yake ya kwanza ilikuwa imepakwa. Nikamwambia haikupakwa. Akanyamaza kidogo, akasema: "Chombo hakishuliwi bila deheni. Mimi wamenishua hivyo hivyo." Deheni ni yale mafuta ambayo mafundi hukipaka chombo kabla hakijashushwa majini.

Sasa niieleze hoja ya daktari yule kwa haki yake, kwa sababu ilikuwa na msingi. Dawa iliyo juu ya stenti, kwa vile inaichelewesha tishu, huchelewesha pia kile kitambaa chembamba chema ambacho mwili hukitandaza juu ya chuma ili damu isikiguse. Chuma kikibaki wazi, damu huweza kuganda juu yake ghafla, na tukio hilo ni baya kuliko kuziba kwa polepole, maana huja kama mshtuko wa moyo na huua. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa aspirini pamoja na klopidogreli, na aliyetiwa stenti yenye dawa alitakiwa azitumie zote mbili kwa muda mrefu zaidi, miezi sita au mwaka, ilhali wa chuma tupu, ikiwa hakupata mshtuko wa moyo, angeweza kuacha klopidogreli baada ya mwezi mmoja na kubaki na aspirini. Mwaka 2006 wasiwasi juu ya kuganda huko kwa kuchelewa uliwatia hofu madaktari wa dunia nzima kuhusu stenti za kwanza zenye dawa. Mtu aliyefundishwa katika miaka ile, akimwona mzee anayekaa ng'ambo ya maji na dawa zake hazina uhakika, ni sawa kabisa kwamba angefikiria chuma tupu.

Lakini elimu hiyo ilikwisha kupitwa hata kabla ami hajavuka. Stenti zenye dawa zilizofuata zina nyaya nyembamba zaidi na mipako bora, na mwaka 2015 ulitolewa utafiti ulioitwa LEADERS FREE, uliowachukua wagonjwa 2,466 ambao wako katika hatari kubwa ya kutokwa na damu na hivyo hawafai kukaa muda mrefu katika dawa mbili. Nusu yao walitiwa chuma tupu na nusu wakatiwa stenti iliyopakwa dawa bila plastiki ya kuishikilia, na wote, wa pande zote mbili, walipewa dawa mbili kwa mwezi mmoja tu. Baada ya kama miezi kumi na mitatu, waliokufa kwa moyo, waliopata mshtuko wa moyo au waliogandwa na damu ndani ya stenti walikuwa asilimia 12.9 kwa upande wa chuma tupu na asilimia 9.4 kwa upande wa stenti yenye dawa. Waliohitaji kuzibuliwa tena pale pale walikuwa asilimia 9.8 dhidi ya 5.1. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo mgonjwa atapata dawa kwa mwezi mmoja peke yake, jambo ambalo ndilo daktari wetu alilolihofia, stenti yenye dawa ilimfaa zaidi. Mwaka 2018 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya ukatamka kwamba stenti zenye dawa zitangulizwe mbele ya chuma tupu kwa kila mgonjwa anayetiwa stenti ya moyo, bila kujali muda ambao anatarajiwa kutumia dawa mbili. (Nazungumzia moyo tu, stenti za njia ya nyongo na za koo la chakula zina hoja zake nyingine na si haki kuzichanganya humu.)

Ipo hoja moja inayonipinga na ni lazima niitaje, maana naye atakayenijibu ataileta. Huko Norwei walifuatiliwa wagonjwa 9,013 kwa miaka sita, na matokeo yakatolewa mwaka 2016: waliokufa au kupata mshtuko wa moyo hawakutofautiana kwa maana kati ya wenye stenti za dawa, asilimia 16.6, na wenye chuma tupu, asilimia 17.1. Tofauti ilikuwa katika kurudishwa hospitali kuzibuliwa tena, asilimia 16.5 kwa wenye dawa na 19.8 kwa wa chuma tupu. Mtu wa hesabu za fedha anaweza kusema: ikiwa uhai ni ule ule, basi tununue cha bei nafuu. Namuomba mtu huyo aitazame ramani. Kurudi hospitali kwa mtu wa Oslo ni asubuhi moja. Kurudi hospitali kwa mtu wa Matondoni, na zaidi kwa mtu wa Kizingitini au Kiunga, ni mashua, ni kungoja maji yajae, ni basi la saa nyingi hadi Mombasa, ni ndugu wawili kuacha kazi ili wamsindikize, ni malazi ya ugenini, na katika miezi ya kusi bahari ikichafuka ni kukaa na maumivu ukisubiri upepo ulegee. Zile asilimia tatu na kitu ambazo kwingine ni usumbufu, kwetu ni fungu la mashua lililouzwa. Mahali ambapo kurudi ni kugumu ndipo panapohitaji zaidi stenti isiyomrudisha mtu.

Naja kwenye klopidogreli, kwa sababu hapo ndipo penye mzizi. Ni kidonge kimoja cha miligramu 75 kwa siku. Kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015, na hutengenezwa na viwanda vingi bila jina la kampuni moja. Ami alipotiwa stenti ya pili tuliambiwa akitumie miezi sita. Mara tatu tulikikosa katika maduka ya dawa ya mji, na mara hizo tatu binamu yangu aliyeko Mombasa alikinunua, akakitia katika bahasha ya kaki, akaandika jina la ami kwa kalamu nene na kumkabidhi dereva wa basi. Mimi nilikuwa nikivuka kwenda Mokowe kuisubiri. Siku moja bahasha ilifika imelowa maji ya samaki wa abiria, tukavifungua vidonge karatasi moja moja juu ya baraza na kuvipangusa kwa kanga, ami akivihesabu kwa sauti: ishirini na nane, vyote vizima. Miezi sita ikatimia hakukosa hata siku moja. Kama ukoo wa fundi wa mashua uliweza kuleta dawa kwa mkono wa dereva, idara yenye magari, mashua na maghala haiwezi kushindwa, na wala haistahili upungufu wa kidonge hicho ndio uwe unaamua chuma gani kiingie moyoni mwa mtu.

Naomba basi klopidogreli iwe miongoni mwa dawa zisizoruhusiwa kwisha katika ghala la kaunti, na ifike Faza, Mpeketoni, Witu na Kiunga, isiishie Lamu mjini. Mgonjwa mwenye stenti mpya apewe ya miezi mitatu kwa mkupuo, hasa kabla ya kusi, badala ya kuambiwa arudi kila baada ya wiki nne. Wahudumu waelekezwe wamwambie waziwazi kwamba Ramadhani si sababu ya kuacha, kwa kuwa kidonge ni kimoja kwa siku na kinaweza kunywewa baada ya kufuturu. Nimekutana na wazee wawili walioacha kwa nia njema kabisa, hakuna aliyekuwa amewaeleza. Wamwambie pia kwamba akienda kung'olewa jino au kuumikwa amjulishe yule anayemhudumia, na asiziache dawa kwa shauri la mtu ambaye si daktari wake, maana kuziacha mapema ndiyo njia kuu ya damu kuganda ndani ya stenti.

Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 ndiyo inayopokea michango yetu, ombi langu ni kwamba hospitali zinazopelekewa wagonjwa wetu zilipwe kwa stenti yenye dawa kama jambo la kawaida, na anayetaka kutia chuma tupu katika moyo aandike sababu ya kitabibu katika faili, na umbali wa nyumbani kwa mgonjwa usihesabiwe kuwa sababu. Mkisema bei ni kubwa, nitawakumbusha India: mwezi wa Februari 2017 serikali yake iliweka kikomo cha bei, rupia 7,260 kwa stenti ya chuma tupu na rupia 29,600 kwa yenye dawa, na bei za stenti zenye dawa zikashuka sana kwa tangazo moja. Serikali inayonunua kwa niaba ya mamilioni ya watu ina nguvu ya kukaa mezani na kuuliza bei, nguvu ambayo ami hakuwa nayo alipokuwa amelala kitandani na nguo za hospitali.

Na hata hilo la kuulizwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa aina za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Ami alitia kidole gumba katika fomu ya Kiingereza. Hakujua kwamba ziko stenti za aina mbili; lau angeambiwa, naamini angesema jambo, maana ni mtu ambaye maisha yake yote amechagua mbao na misumari na hajapata kukubali msumari asioujua. Fomu ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, yenye kueleza aina hizo mbili na muda wa dawa wa kila moja, inaweza kuandikwa kwa siku moja, na mimi mwenyewe na walimu wenzangu tuko tayari kusaidia kuiandika bila malipo.

Jambo la mwisho ni kadi. Stenti huja na stika zinazoonyesha aina yake, upana na urefu wake kwa milimita, na namba ya toleo, na mgonjwa anapaswa kuondoka na kadi yenye habari hizo. Tulipofika hospitali ya pili daktari aliomba kadi, nasi tukampa karatasi ya ruhusa iliyokunjwa mara nne, iliyoandikwa maneno mawili tu juu ya jambo hilo: stenti moja. Haikusema ya chuma gani, wala upana gani, wala katika mshipa upi. Ilibidi wapige simu, na faili lilipatikana siku ya tatu. Siku hizo zote ami alikuwa amelazwa akingoja watu watambue nini kimo ndani yake. Naomba kaunti isimpokee mgonjwa aliyerudi kutoka rufaa ya moyo bila kadi hiyo, na kila kituo kiwe na daftari la wenye stenti, jina, tarehe, aina, na siku ya kumaliza klopidogreli, ili muuguzi ajue nani wa kumpigia simu dawa zikikaribia kwisha. Hatuwi wengi kiasi cha kushindwa kuandikwa katika daftari moja.

Karatasi ile iliyokunjwa mara nne ninayo, pamoja na kadi ya stenti ya pili na bahasha mbili za kaki. Nitazileta siku yoyote mtakayonipangia, saa za asubuhi, kabla ya vipindi vyangu kuanza. Na ami ameniambia nikija nimpitie Matondoni, kwa kuwa naye anataka kuwepo majibu yatakapotolewa.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa shule ya msingi, Lamu